Miche Arobaini ya Manundu

Jumatatu asubuhi nilikuta faili la Mzee Ukasha juu ya meza yangu, limebandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa bosi: "Bi Zamda, hili liishe Alhamisi." Liishe. Neno hilo silipendi hata kidogo. Kazi yangu ni kupitia maombi ya watu wanaotaka kukata miti kwenye viwanja vya biashara hapa Handeni, na kupitia ni kusoma, kwenda kuona, kuuliza, kisha ndiyo uandike. Lakini mtu akishajenga fremu kumi na mbili za maduka na kuzipaka rangi, kila karatasi yake inatakiwa iishe tu.

Nikafungua. Mzee Ukasha alikuwa anaomba kukata mikwaju saba iliyo mbele ya fremu zake mpya, njia ya kwenda stendi, ili amwage pevingi, vile vitofali vya zege, watu wapate pa kuegesha magari. Badala yake angepanda miashoki arobaini. Masharti yetu yanataka miti mitano kwa kila mmoja unaokatwa, kwa hiyo alitakiwa apande thelathini na mitano. Ile mitano ya juu aliiongeza mwenyewe, eti kwa kupenda mazingira. Tena miche alikuwa ameshatanguliza kuipanda pembeni mwa kiwanja, ili kamati ikija Alhamisi ijionee kwa macho.

Ukurasa wa mwisho ndio ulionikata maini. Alikuwa ameambatisha taarifa ya ukaguzi ya mwaka jana, ya fremu zake nyingine kule Manundu, Korogwe, ambako nako alikata miti akaahidi miashoki arobaini. Taarifa ilisema: "Miche arobaini imehesabiwa, yote ipo hai. Masharti yametimizwa." Chini yake sahihi, na sahihi yenyewe yangu, maana wakati ule nilikuwa nafanya kazi Korogwe, sijahamishiwa huku. Na picha ilikuwepo. Mstari wa miche, na pembeni yake mimi nimesimama na kitenge changu kipya, nacheka, soda mkononi.

Nikafunga faili nikaenda kuona.

Kuanzia saa tatu jua la Handeni halina masihara na mtu. Chini ya mikwaju ile saba wanakaa akina mama wa Kimaasai wanaouza maziwa, na walikuwa wakikaa pale kabla Mzee Ukasha hajakinunua kiwanja. Wanatoka mbali, huko tambarare, wanashuka kwenye bodaboda alfajiri na madumu yao. Maziwa yakikaa kivulini yanafika adhuhuri mazima. Yakikaa juani, saa nne mnunuzi anaonja, anatema, anaondoka zake, na mama anarudi nyumbani na dumu lililochacha. Kwao mikwaju ile ndiyo duka lenyewe. Sehemu nyingine yenye kivuli njia ile haipo, miti imeshakatwa yote, na mwashoki nao, jamani, unasimama wima kama askari wa gwaride, kivuli chake kinamtosha mjusi.

"Takwenya," nikamsalimia Naishorua, ambaye ndiye msemaji wao hata kama hakuna aliyemchagua.

"Iko," akaitikia. "Bibi Misitu, umekuja kutuua?"

"Nimekuja kuangalia."

"Ndivyo mnavyosema. Mnaangalia, kesho tunasikia msumeno."

Mimi mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua, lakini kwa Naishorua huwa natafuta maneno. Nikamwacha, nikaenda kwenye ile miche mipya, nikatoa kalamu nikaanza kuhesabu. Sijafika kumi, nikamsikia nyuma yangu anacheka.

"Unahesabu nini?"

"Miche. Fomu inataka idadi."

"Kwetu ng'ombe hahesabiwi, ukimhesabu unamwitia balaa. Jioni wakirudi baba anasimama mlangoni mwa zizi, anawaangalia wakipita. Anasema, yule mwekundu mwenye pembe iliyolala hayupo. Wako wangapi, hajui wala hataki kujua. Anajua nani hayupo."

"Sawa, lakini hii ni miti."

"Ni miti, na mimi naijua." Akasogea kwenye mche wa tatu. "Huyu mwenye vichwa viwili alikuwa Manundu. Huyu hapa shingo imepinda, niliyemvunja ni mimi, nilimwegemezea dumu. Nikamfunga kijiti na uzi wa shuka nikitubu. Ona kovu lake. Na yule wa mwisho, aliyeliwa upande mmoja, ni mbuzi wa shemeji yangu Leboo. Mwaka jana ukame ulipotubana tulihamia na mifugo upande wa Korogwe, nikawa nauza maziwa pale Manundu. Hawa wote nawajua."

Nikapandwa na hasira. Nasema ukweli, hasira ilinipanda kabla hata ya kufikiri, kwa sababu kama alichosema ni kweli, basi mimi nilikuwa nani? Nikamwambia, "Naishorua, angalia maneno yako. Ukaguzi wa Manundu niliufanya mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuona. Ulikunywa soda."

Nikachutama kwenye ule mche wenye vichwa viwili, nikafukua kwa kidole. Udongo ulikuwa laini, wa juzi. Sikwenda mbali, kidole kikagusa nailoni. Mche ulikuwa umezikwa na kiriba chake, ile mifuko myeusi wanayooteshea kitaluni. Mtu akipanda mti ili ukue, kiriba anakichana, mizizi iende inakotaka. Akiufukia na kiriba chake, mizizi inajizungusha humo humo na mti unadumaa, lakini siku yoyote unaweza kuung'oa mzima ukaupeleka kwingine. Ndiyo maana miche ya zaidi ya mwaka ilikuwa bado inanifika kiunoni.

Kesho yake nikapanda basi la Korogwe. Bosi nilimwambia nina homa, na kweli nilikuwa nayo, ila ya moyoni.

Manundu nilikuta pevingi kuanzia ukutani mpaka barabarani, na hakuna hata jani. Fundi cherehani wa fremu ya kwanza alikuwa ameingiza mashine yake ndani, feni inamzungukia, jasho linamtoka vilevile. Zamani alikuwa akishonea nje. Nikamuuliza miashoki iko wapi.

"Miti ipi, dada? Nyie mlipoondoka ilikaa siku tatu tu. Kaleb, mfanyakazi wa mzee, akaja na kile kigari cha mizigo, Kirikuu, akaipakia. Tukajua mmeikataza wenyewe."

"Mbona hamkusema?"

Akasimamisha mashine, akanitazama usoni. "Tumwambie nani? Mwenye fremu ni yeye, na mwenye muhuri ulikuwa wewe."

Nilisimama pale kwenye pevingi, joto linapanda miguuni, nikaikumbuka siku ile vizuri. Mzee Ukasha alinipokea kwa heshima zote, akanivutia kiti barazani, akaleta soda ya baridi. Miche nikaihesabu nikiwa nimekaa. Arobaini kamili. Fomu iliniuliza mingapi, nikaandika mingapi. Kwamba ina mizizi ardhini au haina, fomu haikuuliza, na mimi sikuinama. Ng'o, sikuinama hata mara moja. Miti mitano mikubwa ya watu wa Manundu iliondoka kwa sahihi yangu, na wakabaki na joto hili.

Jumatano nikaingia kwa bosi. Bwana Yordani si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Amebakiza mwaka mmoja astaafu na anataka kuumaliza bila kelele. Nikamweleza yote, kuanzia kiriba mpaka fundi cherehani. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Sikiliza, mama," akasema. "Mikwaju ile iko karibu na mfereji. Andika kwamba kuikata kutaleta mmomonyoko. Maombi yanakataliwa, akina mama wanabaki na kivuli chao, na wewe unapona."

"Na Manundu?"

"Manundu si eneo letu. Ukiiingiza Manundu humu, unajiandika mwenyewe. Una watoto, Zamda. Umefanya kazi miaka kumi na sita, faili lako halina hata karipio."

Nisiseme uongo, wazo lile lilikuwa tamu. Nilirudi mezani kwangu nikakaa nalo nusu saa nzima. Mmomonyoko. Neno lenyewe zito, la kitaalamu, hakuna ambaye angelibishia. Ila kila nikishika kalamu naona taarifa yangu ile mwishoni mwa faili, safi, ina muhuri. Mzee Ukasha angejenga mfereji wa zege, mwezi ujao angeomba tena, na ushahidi wake wa uaminifu ungekuwa ule ule. Mwaka huu Handeni, mwakani kwingine, miche arobaini inazunguka kwenye Kirikuu, na mimi ndani ya picha nacheka.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia jana ulitembea Manundu."

"Nilitembea."

"Vizuri kutembea. Mimi nilikuwa nakukumbusha tu, ile taarifa yako nzuri sana. Nimeitoa nakala tatu. Mtu akisema ile taarifa ni ya uongo, atakuwa hanisemi mimi, anakusema wewe. Na mimi sitaki wakuseme, wewe ni mwanangu."

"Nashukuru, mzee," nikasema. "Kesho njoo nazo zote tatu."

Akakata simu. Nilikuwa nimechoka kuitwa mwanangu.

Alhamisi saa nne kamati ikafika uwanjani. Mwenyekiti wake ni Bi Ikram, mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ndogo ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Alikuja na wajumbe watatu na Bwana Yordani. Akina mama wa maziwa walikuwa wamejibana chini ya mikwaju, hakuna anayeuza. Mzee Ukasha alivaa kanzu nyeupe na koti, na soda zilikuwepo kwenye ndoo ya barafu. Alipomletea mwenyekiti, nikasema, "Mimi naomba nisinywe." Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mzee akaeleza. Anaipenda Handeni, anataka mji upendeze, mikwaju inachafua mbele ya maduka kwa majani na ukwaju, na yeye si mkataji, ni mpandaji, ushahidi wa Manundu upo kwenye faili. Wajumbe wakawa wanaitikia kwa vichwa. Bi Ikram akanigeukia. "Bi Zamda, wewe umepitia maombi haya. Unasemaje?"

Nilikwenda kwenye mstari wa miche, nikaushika wa kwanza chini shingoni, nikavuta. Ukatoka mzima na kiriba chake, kama muhogo kwenye mchanga. Nikaulaza mbele ya viatu vya mwenyekiti, nikavuta wa pili, nikavuta wa tatu.

Mzee Ukasha alikuwa mwepesi, lazima nimpe haki yake. "Kaleb," akaita, "si nilikwambia uvichane viriba?" Kaleb, baba mzima wa watu, akaangalia viatu vyake. "Kosa la wafanyakazi, mwenyekiti. Kesho wanapanda upya, na mimi nasimama nao mpaka mche wa mwisho."

"Hilo linarekebishika," akasema mjumbe mmoja. Bwana Yordani akashusha pumzi, kalamu tayari mkononi. "Basi tuandike wapande upya, halafu kibali kitoke kwa masharti."

Nikaona ninavyoshindwa. Kile nilichodhani ni rungu langu, mzee alikigeuza kikawa mlango wa kutokea. Kama ningenyamaza hapo, msumeno ungekuja Jumatatu na mimi ningekuwa nimefanya kazi yangu vizuri kabisa. Nikawatazama wale mama na madumu yao. Naishorua alikuwa ananitazama kama alivyonitazama fundi cherehani.

"Bado," nikasema. Nikalifungua faili ukurasa wa mwisho, nikachomoa picha. "Naishorua, njoo."

"Loo," Mzee Ukasha akacheka, "siku hizi kamati inasikiliza mashahidi wa maziwa?"

Naishorua akaja taratibu, shanga zinalia. Akaipokea picha, akaitazama mara moja tu, akaanza kutembea kwenye mstari.

"Huyu wa pili kwenye picha, mwenye vichwa viwili, ndiye huyu aliyelala hapa. Huyu shingo imepinda, kwenye picha ana uzi mwekundu, ni uzi wa shuka yangu, na kovu lake hili hapa, mtu aguse. Huyu aliyeliwa na mbuzi, alisimama karibu na mlango wa bluu, na mlango wa bluu si huu hapa kwenye picha?" Akawa anawataja mmoja mmoja bila kukosea, wa sita, wa saba, wa nane, kama anayewasalimia ndugu.

"Mama, miti yote inafanana," akasema Mzee Ukasha.

"Kwako," akajibu Naishorua. "Hata sisi unatuona tunafanana."

Mjumbe mmoja akakohoa. Bi Ikram akatoa miwani kwenye pochi, akainama, mama wa watu mwenye magoti mabovu akainama mpaka chini, akaweka picha karibu na ule mche wenye vichwa viwili. Kisha kwenye ule wenye kovu. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa amekunja uso.

"Ni yenyewe," akasema. "Sasa huyu aliyeshika soda pembeni ni nani?"

Jamani, nilijua swali hilo linakuja. Nilikuwa nimelala nalo, nimeamka nalo. Nilimwona Bwana Yordani akinitikisia kichwa, anataka nimezee.

"Ni mimi," nikasema. "Na taarifa hii niliiandika mimi. Nilihesabu nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, nakunywa soda yake. Siku tatu baadaye miche iliondoka, na Manundu leo hakuna mti hata mmoja. Mtu asiseme nilidanganywa. Ningeinama ningeona."

Mzee Ukasha akapata njia. "Mnasikia wenyewe," akasema. "Amekiri aliandika uongo. Mtu wa hivyo leo mtamwamini vipi?"

"Msiniamini mimi," nikamwambia, na sauti ikanipanda, nikaiacha ipande. "Vuta mche wowote. Una mikono, mzee, na ina nguvu. Vuta."

Hakuvuta. Wajumbe ndio waliovuta, mmoja baada ya mwingine, mpaka viriba vikajaa chini kama mzigo wa kitaluni unaosubiri gari. Gari lenyewe lilikuwepo, ile Kirikuu, imeegeshwa nyuma ya fremu.

Kamati ikakataa, na pale pale, juu ya boneti la gari la ofisi, nikajaza fomu. Kwenye uamuzi nikaandika maombi yamekataliwa. Nilipofika kwenye sababu, Bwana Yordani akasogea sikioni. "Andika udanganyifu wa mwombaji, inatosha. La kwako liache, wameshalisikia."

"Wamelisikia, lakini halijaandikwa," nikamjibu. "Na mimi kilichoniponza ni kilichoandikwa."

Nikaandika kwa herufi kubwa ili asiyeona vizuri asome: Miche ni ile ile iliyokaguliwa Manundu na afisa huyu huyu, ambaye aliihesabu bila kuikagua. Taarifa yake ya mwaka jana ni batili, na asiitumie mtu yeyote kama ushahidi. Nikasaini. Nikamwomba Mzee Ukasha zile nakala tatu. Akasema amezisahau nyumbani. Nikamwambia azihifadhi basi, na hii mpya aongeze, ziwe nne.

Karipio lilikuja baada ya wiki tatu, kwa barua yenye muhuri, na likaingia kwenye faili langu ambalo miaka kumi na sita lilikuwa safi. Cheo nilichokuwa nakisubiri mwaka huu kikapita mlangoni hakikubisha hodi. Liliniuma, na linaniuma. Mtu akiniambia nimefanya ujinga, namwambia twende Manundu. Huko Mzee Ukasha ameamriwa ang'oe pevingi ya mbele na apande upya, na mimi ndiye niliyeomba nikakague, nikaenda na jembe langu mwenyewe. Fundi cherehani alinipa kiti. Nikakikataa.

Mikwaju saba bado imesimama njia ya stendi, na chini yake madumu. Kila asubuhi nikienda kazini napita pale, nanunua lita moja. Juzi Naishorua alinikuta nimesimama, nimeinua uso, natazama juu.

"Unahesabu tena?" akaniuliza.

"Naangalia nani hayupo," nikamwambia.

Akatazama na yeye, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. "Wote wapo," akasema, akanimiminia maziwa.